Fundi Aliyeapa Kuwa Hajui

Ilikuwa mwaka ule barabara ya sokoni ilipotiwa lami. Hapana, nimekosea. Ilikuwa mwaka uliotangulia, maana kama lami ingekuwepo wakili asingevua viatu vyake na kuvibeba mkononi kama samaki wawili, na hilo la viatu nina hakika nalo, watu walilicheka mpaka likaisha utamu. Basi iwe hivyo: mwaka mmoja kabla ya lami, msimu wa matope.

Mtaani alikuwepo mwoka mikate mmoja, mama wa makamo, mfupi, mwenye mikono isiyo na vinyweleo hata kimoja kwa sababu ya moto. Jina alilopewa na wazazi wake lilishapotea midomoni mwa watu. Wote walimwita Mama Ganda. Alishikilia kwamba mkate usio na ganda ni sifongo, na sifongo ni ya kuogea. Mteja akilalamika kwamba mkate umekuwa mgumu, yeye hujibu bila kuinua macho, "Meno ni yako, baba. Mimi najibu ya mkate tu."

Mikate hiyo ilitoka kwenye tanuri lililokuwa nyuma ya nyumba, kuba la matofali ya kuchoma na udongo wa mfinyanzi, lililojengwa na baba yake mzazi kabla yeye hajaolewa. Mtu wa nje angeliona kama kichuguu kilichopakwa moshi. Lakini Mama Ganda alilijua kama mtu anavyojua chumba alichozaliwa. Alijua upande wa kushoto kule ndani unashika joto kuliko kulia, kwa hiyo mikate mikubwa inakwenda kushoto na midogo inakaa karibu na mdomo. Kabla ya kuoka alikuwa akitupa unga kiganja kimoja juu ya sakafu ya tanuri na kuanza kuhesabu. Ukigeuka kahawia kabla hajafika kumi, tanuri bado ni kali mno, anasubiri. Ukifika ishirini haujageuka, anaongeza kuni na kumlaumu muuza kuni.

Mume alikuwa naye, muuza matairi, mtu wa sauti kubwa na roho isiyo mbaya. Wakakaa miaka ishirini na miwili. Hawakurushiana sahani, hawakufumaniana. Walichoka tu, kila mmoja upande wake wa kitanda, mpaka siku moja wakajikuta wanasalimiana kama wapangaji. Wakaenda kwa hakimu. Hakimu akaivunja ndoa, kisha akafika kwenye kiwanja.

Sasa kiwanja kile kilikuwa cha baba wa Mama Ganda, ila vyumba vya mbele walivijenga pamoja yeye na muuza matairi. Hakimu hakwenda kukiona. Alikiona kwenye karatasi, na kwenye karatasi kilikuwa mstatili mweupe. Mstatili mweupe ukiukata katikati hakuna kinacholia. Akaamuru kigawanywe nusu kwa nusu, ukuta ujengwe kwenye mstari wa kati ndani ya siku thelathini, kila mtu akae upande wake kwa amani.

Siku ya nane Mama Ganda akakata rufaa.

Hapo ndipo penye mambo. Alirudi na nakala iliyogongwa muhuri, akaitia kwenye mfuko wa nailoni isilowe, akaitundika kwenye msumari karibu na dirisha la kuuzia. Kila aliyekuja kununua aliambiwa, "Nimekata rufaa." Na kwa kuwa neno lenyewe ni kukata, kichwani mwake jambo lilikuwa limekatika kweli, kama kamba iliyokuwa imeshika mzigo: mzigo umeanguka, hukumu imeanguka, yamekwisha. Si yeye peke yake. Mtaa mzima ulielewa hivyo hivyo, hata mwalimu mstaafu aliyekuwa akisomea watu barua. Alisimama mbele ya ule msumari, akavaa miwani, akasoma kuanzia juu hadi chini, akasema, "Safi kabisa. Umeikata."

Siku ya thelathini na moja, asubuhi, mwanamume mmoja mrefu alipita mlangoni na begi la vifaa, vigingi vinne na kamba. Akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mikate bado, baba. Rudi saa nne."

"Sikuja kwa mikate, mama. Nimekuja kwa ukuta."

Huyu alikuwa mwashi, na mtaani aliitwa Timazi, kwa sababu ile timazi yake, kamba yenye risasi nchani, haikutoka mfukoni hata siku ya mapumziko. Ukimkaribisha chai alitazama kwanza kama fremu ya mlango wako imenyooka, ndipo akae. Mwanamke mmoja alikataa kuolewa naye kwa sababu alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe alipima ukuta wa sebule na kusema, "Umelala kidogo."

Mama Ganda akacheka. Akaonyesha msumari. "Fundi, umechelewa. Nimekata rufaa."

"Hongera, mama. Lakini mimi nimeambiwa siku thelathini zimekwisha."

"Nimekata, nakwambia."

"Sawa umekata," Timazi akasema kwa upole. "Imekata nini?"

Mama Ganda akageuka kuutazama tena ule mfuko msumarini.

Timazi akapigilia kigingi kando ya nguzo ya geti, kingine nyuma kando ya ukuta wa jirani, akavuta kamba. Kamba ikapita uani, ikapita juu ya beseni la kufulia, ikapanda juu ya tanuri na kulipita katikati kabisa, kama mtu aliyechana nywele. Akaitazama. Akarudi kupima tena kutoka upande mwingine. Ikalala palepale. Ndipo akapiga magoti, akaingiza kichwa kwenye mdomo wa tanuri, kisha mabega yakagoma, akabaki hivyo, nusu yake ndani na nusu yake inatazama mbingu.

Muuza matairi akafika akamkuta katika hali hiyo.

"Fundi! Nimekuita ujenge, sikukuita usali humo ndani."

Sauti ikatoka kwenye tanuri, nzito kama ya mtu kisimani. "Bwana, nani alijenga kitu hiki?"

"Marehemu mkwe wangu. Kwani vipi? Bomoa, panga ukuta. Mimi sina ugomvi na tanuri, nataka nusu yangu tu."

Timazi akajitoa, uso wote masizi. "Humu hakuna saruji. Matofali yameegemeana tu, kila moja limemlalia mwenzake. Nikigusa moja, yanashuka yote." Akajipangusa. "Na mama naye akibaki na nusu ya tanuri atabaki na ukuta uliopinda, si tanuri."

"Mimi nimepewa na mahakama," akasema muuza matairi, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Timazi akawatazama wote wawili. Akasema, "Basi msingi nitauanzia mbali. Nitachimba kutoka getini, kisha kutoka nyuma. Tanuri nitalifikia siku ya nne." Alisema akimtazama muuza matairi, lakini aliyeambiwa alikuwa Mama Ganda, naye alisikia. Hakungoja hata unga uumuke. Alifunga kitambaa, akachukua ule mfuko wa nailoni msumarini, akaenda mahakamani na mikono yake myeupe hivyo hivyo.

Karani wa mahakama alikuwa mtu wa kusema polepole, mwenye kikombe kisichokwisha chai.

"Mama yangu, rufaa ni rufaa, zuio ni zuio."

"Sijakuelewa, baba."

"Ukikata rufaa umemwambia mkubwa wa hakimu: tazama tena. Hujamwambia hakimu: ngoja. Wakati mkubwa anatazama, amri inaendelea kutembea. Kama unataka isimame, unaomba isimamishwe. Karatasi nyingine hiyo, na kiapo chake."

"Mbona siku ile hukuniambia?"

"Siku ile uliniuliza kukata rufaa," karani akasema, akanywa chai.

Mama Ganda alikuwa na haki ya kumtukana. Hakumtukana. Aliuliza tu, "Karatasi hiyo inaandikwa wapi?" na karani, ambaye labda aliona aibu kidogo, akainuka kwenye kiti chake, jambo ambalo hulioni kila siku, akampeleka mpaka mlango wa pili kwa wakili mmoja binti, mwembamba, aliyekuwa na meza moja na viti viwili visivyofanana.

Wakili akasikiliza yote. Akaandika jioni ileile maombi ya dharura ya kusimamisha utekelezaji wa amri mpaka rufaa isikilizwe. Jaji akapanga kuyasikiliza siku ya tatu, saa tatu asubuhi. Yaani siku moja kabla sururu haijafika kwenye tanuri.

"Sasa sikiliza, mama," wakili akasema. "Hatuendi kubishana nani mwenye haki ya kiwanja. Hiyo ni kazi ya rufaa. Jaji atataka kujua jambo moja: kikibomolewa, kitarudi? Kama kinarudi, atasema kibomolewe, ukishinda utajengewa kingine. Kama hakirudi, atasimamisha. Tunahitaji mtu wa ujenzi aape kwamba hakirudi. Unamjua yeyote?"

"Namjua mmoja," Mama Ganda akasema. "Ila ni fundi wao."

Walimkuta Timazi ndani ya mtaro, umeshamfika magotini, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Wakili alivua viatu vyake vya visigino ili asizame, akasimama ukingoni peku, akamweleza. Timazi akaegemea beleshi.

"Kiapo? Mimi? Dada, mimi nimekuja hapa na mwiko wa kujengea."

"Ni maneno machache tu. Nimeshayaandika." Akasoma: "Kwamba mwapaji, akiwa mwashi mzoefu, anathibitisha kuwa utaalamu wa kurejesha muundo wa aina hii haupatikani kwake..."

"Mwapaji ndiye nani?"

"Wewe."

"Na kutopatikana kwangu maana yake nini?"

Mama Ganda ndiye aliyemjibu. "Maana yake hujui kulijenga, fundi."

Timazi akainua beleshi. Matope yalikuwa yakidondoka kwenye beleshi. Mtu asiyefanya kazi za mikono hawezi kujua jambo lililokuwa likimpata pale. Fundi anaweza kusema udongo mbaya, anaweza kusema mvua, anaweza kusema mteja kaleta mchanga wa chumvi. Lakini kuna neno moja fundi halisemi, halisemi mbele ya mteja, wala mbele ya fundi mwenzake, na mbele ya jaji ndiyo kabisa.

"Watu wataisoma?" akauliza.

"Ni karatasi ya mahakama. Anayetaka ataisoma."

"Miaka thelathini na moja," Timazi akasema, kama anauambia mtaro. "Nimejenga madarasa. Nimejenga matangi. Ukuta wa nyuma wa mahakama yenyewe nimepiga lipu mimi. Kesho mtu atanipa kazi gani?"

Mama Ganda hakumbembeleza. Alisema, "Baba yangu alifariki kabla sijamuuliza alivyolijenga. Nilidhani mafundi mnajua tu. Likishuka, mimi najua kuoka ndani ya hilo, kwingine sijui. Nilijaribu tanuri la bati la jirani mwaka wa harusi yangu, mikate ikatoka kama soksi." Akajifuta pua kwa kitambaa. "Hata mimi sijui, fundi. Wewe hutakuwa peke yako."

Timazi akapanda kutoka mtaroni, akachukua ile karatasi kwa ncha za vidole asiichafue.

"Hii futa," akamwambia wakili. "Hiyo ya utaalamu na muundo. Mtu akisoma atadhani najua nusu. Andika: sijui kulirudisha, na simjui anayejua. Mimi nitatia sahihi hapo."

Akamwendea muuza matairi kumwambia mwenyewe, asisikie kwa watu. Muuza matairi akapandisha sauti mpaka matairi yakasikia. "Wewe ni fundi wangu au fundi wake?"

"Wako, bwana. Ndiyo maana nakwambia ukweli."

Siku ya tatu chumba cha mahakama kilijaa watu wa mtaa, maana siku tatu tanuri halikuwashwa na watu walikuwa wamechoka kula sifongo. Jaji alikuwa mama mtu mzima, anaandika kila kitu kwa mkono, polepole, kalamu ikikwaruza. Wakili wa muuza matairi, mwanamume mwenye faili nene, alianza kwa kujiamini.

"Mheshimiwa, tunazungumzia matofali. Matofali yanauzwa kila kona. Mwombaji akishinda rufaa yake, mteja wangu atamjengea tanuri jipya, zuri zaidi, hata na mlango wa chuma. Hasara iko wapi?"

Watu wakanung'unika. Kusema kweli lilikuwa neno zito.

Jaji akafungua kiapo, akasoma, akarudia kusoma. "Fundi huyu yupo?"

"Nipo, mheshimiwa." Timazi akasimama. Alikuwa amevaa koti la kuazima lenye mikono mifupi.

"Wewe ni mwashi?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Na hujui?"

Nyuma mtu akacheka puu.

"Sijui, mheshimiwa."

"Ukipewa muda?"

"Nikipewa muda nitajenga kitu cha duara, mheshimiwa, kitafanana. Lakini lile mimi sijui limesimamaje. Nimeingiza kichwa nikatoka sijui. Na wenzangu wanne nimewauliza jana, wawili wakasema wanajua, nikawapeleka kuliona, wakarudi kimya."

Wakili wa muuza matairi akainuka. "Fundi, umeahidiwa nini kwa kusema hujui?"

"Kuahidiwa?" Timazi akamgeukia. "Nimepoteza kazi ya wiki mbili, bwana wakili, na tangu juzi nikipita watu wananiita Bwana Sijui. Kama hiyo ndiyo ahadi, njoo nikugawie."

Chumba kikaangua kicheko, hata karani mlangoni alimwaga chai. Jaji akagonga meza, lakini kalamu yake ilikuwa imesimama kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Akaanza kusema taratibu. Alisema hajui nani atashinda rufaa na si kazi yake leo. Alisema muuza matairi ana hukumu mkononi na hukumu si kitu cha kuchezea, kwa hiyo Mama Ganda asiuze chochote, asiongeze hata tofali moja, na rufaa yake aifuatilie bila kulala. Kisha akasema, "Ukuta unaweza kungoja. Ukijengwa mwaka kesho utakuwa ukuta uleule. Lakini tanuri hili likishuka leo, kisha mama huyu akashinda, atakuja kusimama hapa aniambie nilirudishe. Na mimi nitafanyaje? Nitalazimika kumjibu kama fundi: sijui." Akachukua kalamu. "Amri ya kugawa kiwanja imesimamishwa mpaka rufaa itakapoamuliwa."

Mama Ganda hakuelewa mara moja. Alimvuta wakili mkono. "Imekata?"

"Imesimama, mama," wakili akasema, machozi yanamlengalenga, kumbe ilikuwa kesi yake ya kwanza kushinda. "Safari hii imesimama kweli."

Basi ungeona watu walivyorudi! Kundi zima katikati ya matope, wakili mbele peku, viatu mkononi, Mama Ganda amemshika kiuno asiteleze, na Timazi nyuma amevua lile koti, watu wanampigapiga mgongo, "Bwana Sijui! Bwana Sijui!" na sasa jina lilikuwa na sauti nyingine kabisa. Mwalimu mstaafu aliuomba ule uamuzi ausome kwa sauti njiani, akausoma, na alipofika kwenye neno la fundi alilirudia mara tatu kwa sababu watu waliomba.

Mama Ganda hakuwa amewahi kuoka mchana hata siku moja maishani mwake. Siku ile alioka. Aliwasha moto saa nane, akatupa unga, akahesabu, na waliokuwa uani walihesabu pamoja naye kwa sauti moja, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, mpaka ukageuka, wakashangilia kama wamefunga goli. Foleni ilifika kwenye mtaro. Mkate wa kwanza alipewa Timazi, akaumega, kau! likasikika ganda mpaka barabarani.

Muuza matairi alikuja mwisho wa foleni, mikono mfukoni. Watu wakapunguza sauti.

"Nipe mmoja."

"Una ganda," akasema Mama Ganda.

"Nimelila miaka ishirini na miwili, leo ndiyo litaniua?"

Akamchagulia ulioiva vizuri. Tangu siku hiyo sauti kubwa haikusikika tena uani kwake.

Rufaa ilichukua mwaka na miezi. Ilipoamuliwa, tanuri na sehemu yote ya nyuma vikawa vya Mama Ganda kwa kuwa vilitoka kwa baba yake, na vyumba vya mbele wakagawana. Muuza matairi akapata duka linalotazama barabara mpya ya lami, akafurahi kuliko alivyotaka watu wajue. Ukuta ukajengwa, mbali na tanuri hatua nane. Aliyeujenga ni Timazi, maana ingawa alikuwa na kazi nyingi wakati ule, hiyo alisema hampi mtu mwingine. Watu walikuwa wamegundua kitu: fundi aliyeapa mahakamani kwamba hajui, akija kwako akasema najua, unalala usingizi. Waliomtaka walitoka mpaka mitaa ya mbali. "Mwiteni Bwana Sijui," walisema, na hakuwa tena na nafasi ya kupumzika.

Lakini kila alipopita alisimama uani kwa Mama Ganda siku tanuri limepoa, akaingiza kichwa na tochi. Juu kabisa ya kuba, kwa ndani, udongo wa tofali la mwisho umelainishwa kwa vidole. Alama za vidole vinne vya mtu mzima zinaonekana hadi leo. Mkono ukipitia mdomo wa tanuri haufiki pale, yeye mrefu amejaribu. Na mdomo wenyewe haupitishi mabega ya mwanamume. Alimuuliza Mama Ganda, akawauliza mafundi wazee, akamuuliza hata yule jaji siku alipoitwa kurudia lipu ya mahakama: mzee yule, alipoweka tofali la mwisho, alikuwa ndani au nje?